ALIYESHINDWA KULIPIA HATA KUFILISIKA KWAKE: WADAIWA, RUFAA NA WAJIBU WA MISIKITI YETU

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola Mlezi wa walimwengu wote, Aliyejiharamishia dhulma na akaiharamisha baina ya waja Wake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu Waislamu, katika toleo hili tumeonelea tulizungumzie jambo ambalo ni nadra kusikika juu ya mimbari zetu. Jambo lenyewe ni hali ya mtu aliyezidiwa na madeni hadi akafikishwa mahakamani, au akaenda mwenyewe mahakamani kuomba atangazwe kuwa amefilisika. Wengi wetu hudhani kuwa hayo ni mambo ya wafanyabiashara wakubwa na mawakili wao. Sivyo. Leo hii mama muuza vitumbua aliyechukua mkopo wa "kausha damu" anachukuliwa makochi na jiko lake mchana kweupe. Mvuvi aliyekopa kununua mashine ya boti anapigiwa mnada kiwanja cha urithi. Kijana aliyemdhamini rafiki yake anajikuta yeye ndiye mdaiwa. Watu hawa hawako mbali nasi, bali wamo katika safu zetu za Swala, bega kwa bega nasi, na huenda kimya chao kinatokana na haya tu.

Hoja yetu katika makala haya ni moja. Mtu aliyekosa kila kitu asifungiwe mlango wa haki kwa kuwa amekosa ada ya kuingilia mlango huo. Na pale mlango unapokuwa wazi kisheria naye hajui, au anajua lakini hana wa kumshika mkono, basi jamaa wa msikiti wake wana la kujibu mbele ya Allah (S.W.).

SHAURI LA DOLA HAMSINI

Ili tuione hoja hii kwa uwazi, tuanze na nchi ya mbali, yaani Marekani, kwani huko ndiko swali hili lilikofikishwa hadi mahakama ya juu kabisa na likatolewa majibu ya maandishi ambayo hadi leo yanasomeshwa katika vyuo vya sheria.

Nchi ile ilitunga Sheria ya Kufilisika mwaka 1898. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mdaiwa mnyonge aliweza kuwasilisha ombi lake pamoja na hati ya kiapo kwamba hana uwezo wa kulipa ada, na ombi likapokelewa. Mwaka 1946 mambo yakabadilishwa. Bunge la nchi hiyo lilitaka mahakama za kufilisika zijiendeshe kwa fedha za wanaozitumia, na ile ruhusa ya maskini ikaondolewa. Aliyeruhusiwa ni yule tu awezaye kulipa kwa mafungu.

Mwaka 1971 mkazi mmoja wa New York akapeleka ombi lake bila ada. Shauri lake linajulikana kwa jina la Marekani dhidi ya Kras. Alikuwa amepoteza kazi tangu mwaka 1969, akiishi na mkewe, watoto wao, mama yake na mtoto mwingine wa mama yake katika nyumba ya vyumba viwili na nusu, wakila kwa msaada wa serikali, na mmoja wa watoto alikuwa mgonjwa sana. Deni lake lilipita dola 6,000. Ada aliyodaiwa ili mahakama isikilize kuwa hana kitu ilikuwa dola 50, naye akaapa kwamba hata hizo hana, wala hawezi kuzitoa kwa mafungu.

Jaji wa mwanzo alimkubalia. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 10 Januari 1973 Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa majaji watano dhidi ya wanne. Jaji Harry Blackmun, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alisema kuwa kufilisika si haki ya msingi ya katiba bali ni fadhila ya sheria, na kwamba mdaiwa ana njia nyingine ya kupatana na wadai wake. Kisha akapiga hesabu: dola 50 zikigawanywa kwa miezi tisa ni dola moja na senti 28 kwa wiki, kiasi kisichofikia bei ya tiketi ya sinema na kinachozidi kidogo tu bei ya pakiti moja au mbili za sigara.

Miongoni mwa waliopinga ni Jaji Thurgood Marshall, yule yule ambaye mwaka 1960 alikwenda London kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House. Yeye aliwakumbusha wenzake kuwa wapo watu ambao sinema hawaijui na sigara kwao ni anasa, na kwamba ni aibu kufasiri katiba kwa kukisia maisha ya watu usioyajua. Jaji Potter Stewart naye alieleza kwamba kwa hukumu hiyo mahakama imekubali kuwepo watu waliozidi ufukara kiasi cha kushindwa hata kufilisika.

Tuitafakari hesabu ya Jaji Blackmun, ndugu zetu. Mtu aliyeshiba aliketi akampimia mwenye njaa kwa kipimo cha starehe zake mwenyewe. Je, ugonjwa huu ni wa majaji wa Marekani peke yao? Ni mara ngapi sisi wenyewe tumesikia, baada ya Swala, mtu akisemwa kwamba ameshindwaje kutoa kiasi kile kidogo, ilhali msemaji hajui kama nyumbani kwake jana moto uliwashwa?

MLANGO ULIPOFUNGULIWA

Insafu inatutaka tuyaseme na mema. Wamarekani hawakukaa na hukumu ile milele. Kuanzia Oktoba 1994 hadi Septemba 1997 walifanya majaribio ya kusamehe ada katika wilaya sita za mahakama. Kisha mwaka 2005 Bunge lao likapitisha sheria mpya. Sheria hiyo kwa mambo mengi iliwabana wadaiwa na kuwafurahisha wakopeshaji, lakini ndani yake mlikuwa na kifungu kimoja cha huruma: anayeomba kufilisika kwa Sura ya 7 ya sheria yao, ambayo ndiyo njia ya asiye na cha kulipa, aweza kusamehewa ada ikiwa kipato cha nyumba yake hakifikii asilimia 150 ya kiwango rasmi cha umaskini na hawezi kulipa hata kwa mafungu. Ada hiyo ilifikishwa dola 338 mnamo Desemba 2020.

Kuna hatua ya pili ambayo wengi huipoteza, nayo ni rufaa. Jaji wa kufilisika aweza kutoa amri inayomuumiza mdaiwa. Aweza kukataa kumfutia madeni, akatupa ombi lake, akaruhusu nyumba ichukuliwe, au akakataa ule msamaha wa ada wenyewe. Mdaiwa ana haki ya kukata rufaa kwa Mahakama ya Wilaya ya Shirikisho, au katika baadhi ya maeneo kwa jopo maalumu la majaji wa rufaa za kufilisika. Lakini muda wake ni siku 14 tu tangu amri ilipoingizwa katika kumbukumbu za mahakama. Kabla ya Desemba 2009 zilikuwa siku 10. Ada ya rufaa nayo hukaribia dola 300, na yeye ni yule yule aliyekwisha kuapa kuwa hana kitu!

Hapo pia ipo njia ya kuomba msamaha, kwa hati ya kiapo inayoeleza kipato, matumizi, mali na watu wanaomtegemea mwombaji. Majaji wa huko wametofautiana iwapo ombi hilo huamuliwa na jaji wa kufilisika mwenyewe au hupelekwa kwa mahakama ya juu yake. Na ikiwa mahakama itathibitisha kwa maandishi kwamba rufaa haikukatwa kwa nia safi, msamaha waweza kunyimwa.

Ndugu zetu walioko kule, wakiwemo wakimbizi wasemao Kiswahili kutoka Kongo na kwingineko, wayashike mambo matatu. Kwanza, asisubiri mtu mpaka apate fedha. Kinacholinda haki yake ni taarifa ya rufaa iliyofika ndani ya muda, na ombi la msamaha wa ada liambatane nayo. Pili, kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji wa amri, bali kusimamishwa huko huombwa kwa ombi lake mbali. Tatu, karani wa mahakama si wakili. Atampa fomu, lakini hatamwambia la kuandika.

UISLAMU ULIKWISHA TANGULIA

Ni nini mwongozo wa Uislamu katika haya? Allah (S.W.) katika Suratul Baqara, aya ya 280, ameamrisha kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki angojewe mpaka apate wepesi, kisha akabainisha kuwa kumsamehe kwa njia ya sadaka ni bora zaidi kwetu lau tungelijua. Na aya hiyo imekuja mara tu baada ya makemeo ya riba, kana kwamba tunafundishwa kuwa asiyeacha riba hawezi kumngoja mwenye dhiki.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) habari ya mtu aliyenunua matunda yakapatwa na maafa na madeni yakamlemea. Mtume (S.A.W.) hakuanza kwa kumlaumu, bali aliwaamuru watu wamtolee sadaka. Watu wakatoa, lakini haikufikia deni lote. Ndipo akawaambia wadai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Tuutazame utaratibu huu vizuri. Jambo la kwanza lilikuwa mchango wa jamii, la pili ugawaji wa kilichopo, na la tatu kuzuiwa kwa wadai wasimwandame kwa kile asichonacho. Huyu ni mtu aliyefilisika, na hakuna palipotajwa kwamba alitozwa kitu ili asikilizwe.

Vile vile imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimzuia Muadh bin Jabal (R.A.) asiitumie mali yake, akaiuza ili kulipa madeni yake. Wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya upokezi wake, lakini mafakihi wengi wameitegemea, nao wakajenga juu yake mlango mzima wa taflisi. Imam Abu Hanifa aliona mtu mzima mwenye akili asizuiwe mali yake kwa sababu ya deni, na wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakamkhalifu. Kuhusu nyumba ya kukaa, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafii ni kuwa huuzwa, ilhali madhehebu ya Imam Ahmad humwachia. Lakini hakuna miongoni mwao aliyesema avuliwe nguo na aachwe bila chakula. Na ikithibiti kuwa hana kitu, jamhuri ya wanazuoni wamesema hafungwi jela, bali hungojewa.

Khalifa Umar bin Abdulaziz, kama alivyopokea Abu Ubayd katika Kitabul Amwal, aliandika kuamuru madeni ya waliokopa bila ufujaji yalipwe kutoka Baitul Mal. Alipoulizwa kuhusu mtu mwenye nyumba, mtumishi, farasi na vyombo vya ndani, alijibu kuwa Muislamu hana budi kuwa na vitu hivyo, na kwamba huyo naye ni mdaiwa anayestahiki kulipiwa. Hii ndiyo dola iliyofahamu maana ya fungu la al-gharimin lililotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60.

RUFAA SI UTOVU WA ADABU

Baadhi ya watu wetu huona kuwa kukata rufaa ni ubishi au kutoridhika na kadari, na kwamba mcha Mungu hukubali alilohukumiwa. Fikra hii si sahihi. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, alieleza kuwa yeye ni mwanadamu, watu humletea mashitaka, na huenda mmoja akawa fasaha zaidi wa hoja kuliko mwenziwe, akamhukumia kwa alichokisikia. Akaonya kuwa aliyepewa haki ya ndugu yake kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hayo yamesemwa kuhusu hukumu za kibinadamu kwa ujumla, vipi hukumu ya hakimu wa leo mwenye mafaili mengi mezani asidhaniwe kuwa yaweza kukosea?

Sayyidna Umar (R.A.) naye, katika waraka wake mashuhuri kwa Abu Musa al-Ashari (R.A.), alimuusia kuwa hukumu aliyoitoa jana isimzuie kuirejea haki akiona leo kuwa imo kwingine, kwani haki ni ya tangu na tangu. Kisha historia yetu ikaijua Diwani ya Madhalim, ambako raia alipeleka malalamiko yake dhidi ya maamuzi na watawala. Al-Mawardi ameifafanua kwa urefu katika al-Ahkam as-Sultaniyya. Kwa hiyo, kuomba hukumu iangaliwe upya kwa njia ya sheria ni kutafuta haki, maadamu nia ni safi na maneno ni ya kweli.

HALI YA KWETU

Sasa turejee nyumbani. Huenda msomaji akasema kwamba hapa tuna makadhi. Tukumbuke kuwa Mahakama za Kadhi za Kenya, kwa mujibu wa katiba ya mwaka 2010, mamlaka yao ni katika hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Tanzania Bara kadhi hana mamlaka ya mahakama ya dola. Hivyo Muislamu mwenye deni la benki au la kampuni ya mikopo atakutana na mahakama za kawaida, atake asitake.

Tanzania Bara ina Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, ambayo humwezesha mdai au mdaiwa mwenyewe kwenda mahakamani. Kenya ilitunga Sheria ya Ufilisi mwaka 2015, na ndani yake imo njia mahususi kwa mdaiwa asiye na mali ya kugawanywa. Katika kanuni za mwenendo wa madai za nchi zote mbili, Amri ya 33 humruhusu mtu asiye na uwezo wa kulipa ada kufungua shauri lake kama maskini, baada ya mahakama kuuchunguza uwezo wake. Zaidi ya hayo, Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, Tanzania Bara ya mwaka 2017 na Zanzibar ya mwaka 2018. Upande wa pili, sheria za Kenya na Tanzania Bara bado zinaruhusu mdaiwa aliyeshindwa kesi kuwekwa gereza la madai.

Milango basi ipo. Ni wangapi katika maamuma wetu wanaijua? Mdaiwa anapokea karatasi ya mahakama, haielewi lugha yake, anaona haya kumwonesha mtu, anaificha chini ya godoro. Muda wa rufaa unapita. Siku dalali anapofika na askari, ndipo majirani wanapojua, na imamu anaitwa kuja kusema subra. Subra ni wajibu, lakini subra isiyotanguliwa na jitihada ni uzembe uliovishwa kanzu.

WANAOPINGA NA MAJIBU YAO

Wapo watakaotuambia kuwa tunawafungulia watu mlango wa kukimbia madeni, na hali Mtume (S.A.W.) alilitilia deni uzito mkubwa hata mwanzoni akawa haswalii maiti mwenye deni asiyeacha cha kulipia. Hofu yao ni ya haki. Lakini wasisahau mwisho wa habari hiyo: Allah (S.W.) alipomfungulia neema za ushindi, Mtume (S.A.W.) alitangaza kuwa atakayekufa na deni, malipo yake ni juu yake yeye. Ukali ule ulifuatana na hatua ya kulipa. Sisi tumebakisha ukali tu.

Aidha, sheria yetu hutenganisha baina ya watu wawili. Mwenye nacho anayechelewesha ni dhalimu kwa nassi ya hadithi, na huyo atalazimishwa. Asiye nacho hungojewa. Hatuwatetei wanaoandikisha nyumba kwa majina ya shemeji zao kisha wakaapa kuwa ni mafukara. Hati ya kiapo ya kuomba msamaha wa ada ni yamini mbele ya Allah (S.W.) kabla ya kuwa karatasi ya mahakama, na mwenye kuapa uongo kwa makusudi ili ajipatie mali amejiingiza katika madhambi makubwa. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Qabisa bin Mukhariq (R.A.) kwamba kuomba ni halali kwa watu watatu: aliyebeba dhamana, aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake, na aliyepatwa na ufukara mpaka watu watatu wenye busara katika jamaa zake wakamshuhudia. Kwa hiyo uchunguzi wa uwezo wa mwombaji si jambo geni wala la kumuudhi mkweli.

Tena tuseme wazi: mahakama ya dola ikimfutia Muislamu deni, dhima yake mbele ya Allah (S.W.) haikufutika maadamu mdai hakumsamehe. Siku atakapopata wasaa arudishe rasilimali ya watu, bila ya riba. Kinga ya mahakama ni ya kumpa pumzi, na asiifanye kuwa ngao ya kula haki za wenziwe.

YATUPASAYO

Hivyo basi, tunapendekeza kwa maimamu, kamati za misikiti na waumini wote yafuatayo:

Kwanza, kila msikiti unaokusanya Zaka ulitenge na kulitaja hadharani fungu la wadaiwa. Ada ya mahakama nayo itazamwe. Mafakihi wetu wa Kishafii husema kilichotolewa kwa jina la deni kiende kwenye deni, lakini mdaiwa asiye na kitu ni fakiri vile vile, na fungu la mafukara akishalipokea ni lake na hulitumia kwa haja zake, ikiwemo kuitafuta haki yake. Hatusemi tuache kujenga minara. Tunauliza tu: mnara utaita nini ikiwa aliye chini yake anahamishwa nyumba yake kwa kukosa ada na hakuna aliyejua?

Pili, tuwatafute mawakili na wasaidizi wa kisheria walioko katika maamuma wetu, watoe angalau saa moja baada ya Swala ya Ijumaa kusoma karatasi za wasioelewa. Sisi tunaofundisha madrasa tunawasomesha vijana mlango wa taflisi kwa Kiarabu fasaha. Ni vyema tuwafundishe pia tofauti ya hukumu na amri, maana ya hati ya kiapo, na kwamba muda wa rufaa huhesabiwa kwa siku na haumngojei mtu.

Tatu, mwenye kupokea karatasi ya mahakama asiifiche. Aitoe siku hiyo hiyo, aulize muda wake unaisha lini, na kama hana ada aulize utaratibu wa msamaha kabla ya kukata tamaa.

Nne, wadai miongoni mwetu wamche Allah (S.W.). Wengine ni wafanyabiashara wenye kuswali safu ya mbele. Kabla ya kumpeleka ndugu yako kwa dalali, kaa naye, mwandikiane muda mpya kama Suratul Baqara, aya ya 282, ilivyotufundisha kuandika madeni, na mshuhudishe watu. Abul Yasar (R.A.) amesimulia kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa mwenye kumngoja mdaiwa mwenye dhiki, au akampunguzia, Allah (S.W.) atamtia katika kivuli Chake. Kivuli hicho hakinunuliki mnadani.

Tano, wenye kusikilizwa na watunga sheria wadai jambo hili liwekwe wazi: kwamba anayeomba kufilisika kwa kuwa hana, na anayekata rufaa dhidi ya amri iliyomdhulumu, wasirudishwe kaunta kwa sababu ya ada, na fomu za msamaha ziwe kwa Kiswahili chepesi, zibandikwe mahali panapoonekana. Marekani iliwachukua miaka 32 tangu hukumu ya 1973 hadi sheria ya 2005. Sisi tuliopewa mwongozo karne kumi na nne zilizopita tusingoje muda kama huo.

Ndugu Waislamu, Mtume (S.A.W.) siku moja aliwauliza Sahaba zake kama wanamjua aliyefilisika. Wakamjibu kuwa ni yule asiye na dirhamu wala vyombo. Akawafahamisha kuwa muflisi wa Umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na Swala, Funga na Zaka, na hali amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga mwingine. Watagaiwa mema yake mpaka yaishe, kisha atatwikwa madhambi yao, kisha atupwe Motoni. Na katika mahakama ya siku hiyo hakuna rufaa, hakuna kuongezewa muda, wala hakuna wa kumlipia mtu ada. Basi na tuzitengeneze hesabu zetu na wadaiwa wetu na wadai wetu maadamu milango ya huku bado i wazi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaondolee dhiki wenye madeni, azilainishe nyoyo za wadai, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoyasikia maneno wakafuata yaliyo mema yake.

Wabillahi Tawfiq.